Biblia Mkononi mwa Shahidi

Majuzi niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu mahakamani. Hapana aliyekuwa ameshtakiwa. Nilitaka tu wajionee kwa macho yao yale ambayo vitabu vya shule huwaeleza kwa maneno makavu. Tuliketi kwenye mabenchi ya nyuma, kimya kama maji mtungini, tukasikiliza kesi ya mpaka wa shamba baina ya ndugu wawili wa baba mmoja.

Shahidi wa kwanza, mwanamume wa makamo aliyevalia suti, aliishika Biblia kwa mkono wa kulia akaapa kwa sauti kubwa kwamba atasema kweli tupu. Shahidi wa pili alikuwa mama mkongwe. Karani alipomnyoshea Biblia, aliikataa kwa upole. Alieleza kuwa yeye ni muumini wa Kanisa la Marafiki, na kwamba imani yake haimruhusu kuapa. Hakimu hakukasirika. Alimwagiza karani amsomee maneno ya kuahidi kusema kweli bila ya kuapa, mama akayarudia neno kwa neno, kisha akatoa ushahidi wake.

Kabla ya saa sita mchana mambo yalikuwa yamefichuka. Yule bwana wa suti, aliyedai kuwa alikuwapo siku ya kupandwa kwa miti ya mpaka, alihojiwa na wakili wa upande wa pili hadi akakiri kwamba mwaka huo alikuwa akifanya kazi Mombasa. Mama mkongwe alihojiwa vivyo hivyo, na neno lake halikutikisika.

Tulipokuwa njiani kurudi shuleni, msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, aliyeishika Biblia amedanganya, na aliyeikataa amesema kweli. Sasa Biblia inafanya kazi gani mle mahakamani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwahidi kuwa nitalitafakari swali lake, na ahadi ni deni. Makala haya ndiyo malipo yangu kwake, na kwa walimu wenzangu ambao bila shaka wamewahi kuulizwa swali kama hilo.

Jambo la kwanza la kushangaza ni hili: kitabu anachoshikishwa shahidi kina mafundisho yanayopinga kuapa. Katika sura ya tano ya Injili ya Mathayo, Yesu anawataka wafuasi wake waache viapo na waaminike kwa neno lao tupu. Yule mama wa Kanisa la Marafiki hakuidharau Biblia. Aliikataa kwa sababu ameisoma. Ili kuelewa jinsi kitabu hicho kilivyopata kuwa chombo cha mahakama, hatuna budi kurudi nyuma sana.

Wakristo wa kwanza waliifahamu sheria wakiwa kizimbani, wala si katika kiti cha hakimu. Mnamo mwaka wa 112 hivi, Plinio, gavana wa Kirumi katika jimbo la Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajano akiomba ushauri kuhusu namna ya kuwahukumu watu hao. Waliokataa kuziabudu sanamu za miungu ya Roma aliwaua. Mambo yaligeuka mwaka wa 313, Konstantino na mwenzake Likinio walipoiruhusu dini hiyo, na mwaka wa 380 Theodosio akaifanya kuwa dini ya dola. Je, waliohukumiwa jana waliwahurumia wengine walipopata mamlaka? Yapata mwaka wa 385, askofu Prisiliano wa Uhispania alishtakiwa na maaskofu wenzake, akauawa mjini Trier kwa amri ya mfalme Mkristo. Miaka 72 tu ilikuwa imepita tangu mateso yakome! Lakini tusisahau kwamba Martino, askofu wa Tours, alisafiri hadi Trier kumsihi mfalme asimwage damu. Tangu siku hizo, basi, Ukristo umekuwa na sauti mbili mbele ya sheria: moja inaomba upanga, nyingine inaomba upanga urudishwe alani.

Sauti hizo mbili zilisikika kwa namna ya ajabu mwaka wa 1215. Wakati huo katika Ulaya, mtu aliyeshukiwa kwa kosa kubwa na ambaye hapakuwa na ushahidi wa kutosha dhidi yake aliweza kulazimishwa kubeba chuma cha moto au kutumbukizwa majini. Kasisi aliubariki moto au maji hayo, na matokeo yakachukuliwa kuwa hukumu ya Mungu. Msomaji wa kwetu hatashangaa. Wamijikenda walikuwa na kiapo chao cha shoka la moto, na Wagikuyu walikuwa na kiapo cha beberu, ambacho wazee waliwaapisha watu waliogombania ardhi. Binadamu popote alipo, akishindwa kuijua kweli, huitafuta kwa nguvu zilizomzidi.

Mnamo Novemba 1215, Mtaguso wa Nne wa Laterani, ulioitishwa na Papa Inosenti wa Tatu, uliwakataza makasisi kuyabariki majaribio hayo. Bila ya kasisi, chuma cha moto kilibaki kuwa chuma tu. Uingereza ilijikuta haina namna ya kuamua kesi kubwa, na mwaka wa 1219 serikali ya Mfalme Henry wa Tatu ikawaachia mahakimu watafute njia. Njia iliyokua hatimaye ni ile ya juri: raia kumi na wawili walioapa kutoa uamuzi wa haki. Hivyo mojawapo ya nguzo za sheria ya Kiingereza iliimarika kwa sababu kanisa lilikataa kumhusisha Mungu na ukatili.

Na bado mwaka ni ule ule. Mwezi wa Juni, Mfalme John wa Uingereza alikubali Hati Kuu ya Haki, mashuhuri kwa jina la Magna Carta, ambayo ilikataza mtu huru kufungwa bila ya hukumu halali. Askofu Mkuu Stephen Langton alikuwa mpatanishi mkubwa katika jambo hilo. Mwezi wa Agosti, Papa Inosenti, yule yule wa mtaguso, aliibatilisha hati hiyo. Askofu mkuu mmoja aliisaidia haki, na mkubwa wake akaipiga marufuku! Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba sheria yote njema ilitoka kanisani, mkumbushe Agosti 1215. Na akikuambia kwamba kanisa halikuiletea sheria chochote ila giza, mkumbushe Novemba ya mwaka huo huo.

Kanisa la Marafiki nalo lilizaliwa Uingereza katika karne ya 17. Wafuasi wake walifungwa kwa kukataa kuapa, na kwa kuhubiri pasipo kibali. Mwaka wa 1670 mmoja wao, William Penn, alishtakiwa mjini London pamoja na mwenzake William Mead. Juri ilikataa kuwatia hatiani. Mahakama iliwafungia wanajuri hao bila chakula wala maji, kisha ikawatoza faini. Mmoja wao, Edward Bushell, alikataa kulipa, na kesi yake ndiyo iliyothibitisha kwamba mwanajuri haadhibiwi kwa uamuzi wake. Baadaye, karne hiyo ikielekea ukingoni, bunge liliwaruhusu Marafiki watoe tamko badala ya kiapo katika mambo mengi. Ruhusa aliyopewa yule mama mbele ya wanafunzi wangu, ambayo leo imo katika Sheria ya Viapo, Sura ya 15 ya sheria za Kenya, ililipiwa na watu waliolala gerezani.

Sheria hiyo ya Kiingereza ilifikaje kwetu? Ilikuja na utawala wa kikoloni. Hadi leo Sheria ya Mahakama ya mwaka wa 1967 inaitaja tarehe 12 Agosti 1897 kuwa siku ya kupimia ni sheria zipi za Uingereza tulizozirithi. Lakini kilichovuka bahari hakikugawiwa watu wote sawasawa. Hiyo juri niliyoisifu ilikuwa haki ya Mzungu katika koloni la Kenya, Mwafrika hakuipata.

Mfano unaoniuma zaidi ni kesi ya Amkeyo ya mwaka wa 1917. Sheria ya Kiingereza ilimlinda mke asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, kwa kuwa iliiheshimu siri ya ndoa. Amkeyo alikuwa ameoa kwa mila, na mkewe alikuwa ametoa ushahidi dhidi yake. Swali likawa: je, huyu ni mke? Jaji Mkuu Hamilton aliamua kuwa siye. Kwake, mahari yalikuwa ununuzi wa mwanamke, na muungano huo haukustahili kuitwa ndoa. Kipimo kilichotawala mahakama za Kiingereza kilikuwa kimewekwa mwaka wa 1866 katika kesi ya Hyde, iliyoeleza kwamba ndoa ni ile inayofahamika katika nchi za Kikristo, yaani ya mume mmoja na mke mmoja maisha yao yote.

Nyanya yangu mzaa baba aliolewa kwa mahari, akiwa mke wa pili. Alizaa watoto sita, akamzika mumewe, na alipotaka ubatizo aliambiwa na mhubiri mmoja kwamba yeye si mke bali ni suria. Hakuwa amemsikia Amkeyo wala Jaji Hamilton, lakini hukumu ya mahakama ilikuwa imemfikia kupitia kinywa cha mhubiri. Alisubiri miaka mingi hadi mhubiri mwingine, mwenye moyo tofauti, alipombatiza. Yule wa kwanza na yule wa pili walisoma Biblia moja.

Sheria nayo ilijirekebisha polepole. Sheria ya Ushahidi ya mwaka wa 1963 iliwatambua mume na mke waliooana kwa mila, na Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 ikaziweka chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Nyanya hakuishi kuiona siku hiyo.

Iwapo Amkeyo anatuonyesha nani aliyestahili kulindwa na sheria, Kapenguria inatuonyesha thamani ya kiapo chenyewe. Katika kesi hiyo ya mwaka wa 1952 na 1953, Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau, harakati iliyowafunga wafuasi wake kwa kiapo. Serikali iliyokuwa ikiwaapisha mashahidi kila siku iliwafunga watu kwa kosa la kuapishana! Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alikula kiapo cha mahakama akasema kwamba Kenyatta alimlisha kiapo mwaka wa 1950. Mnamo 1958, Macharia huyo aliapa tena, safari hii katika hati, kwamba ushahidi wake ule ulikuwa wa uongo na kwamba alikuwa ameahidiwa masomo Uingereza. Alishtakiwa na kufungwa, si kwa ushahidi wa Kapenguria, bali kwa ile hati ya kuukana. Wakati huo huo, wako Wakristo wa Kati waliokataa kula kiapo cha Mau Mau kwa sababu ya imani yao, wakauawa. Na hao hao, wengi wao hawakukubali kubeba bunduki za serikali.

Tulipopata utawala wetu, sauti zile mbili hazikunyamaza. Uchaguzi wa mlolongo ulipotumika mwaka wa 1988, wapo viongozi wa dini waliokaa kimya na wapo kina Henry Okullu, Alexander Muge na Timothy Njoya waliopaza sauti. Mwaka wa 2010 makanisa mengi yaliipinga katiba mpya, kwa sababu ya vifungu kuhusu uavyaji mimba na mahakama za Kadhi. Wananchi waliipitisha hata hivyo. Katiba hiyo inaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na katika kifungu cha nane inasema kwamba hapatakuwa na dini ya taifa. Wapo wanaoona mgongano hapo. Mimi naona hekima iliyopatikana kwa gharama kubwa tangu Trier hadi Kapenguria. Na maafa ya Shakahola ya mwaka wa 2023, ambapo zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa, yametukumbusha kuwa sheria nayo haiwezi kusimama nje ya mlango wa kanisa watu wakifa ndani.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Binti yangu, Biblia haiko mahakamani ili Mungu amfanyie hakimu kazi yake. Jambo hilo liliachwa pale makasisi walipokatazwa kukibariki chuma cha moto. Ndiyo maana sheria yetu inamwekea shahidi mwongo kifungo cha hadi miaka saba, aape au asiape. Biblia ile, kama Kurani anayoishika jirani yake Mwislamu, na kama ahadi tupu ya yule mama, iko pale kumkumbusha shahidi kwamba ana dhamiri ambayo hakuna wakili awezaye kumhoji kwa niaba yake. Imani ilipoifundisha sheria kuiheshimu dhamiri ya mtu, watu walipona. Imani ilipoazima rungu la sheria, au sheria ilipoazima joho la kasisi, watu waliumia, na mara nyingi walioumia ni wale waliokuwa kama nyanya yangu.

Walimu wenzangu, wapelekeni vijana mahakamani. Wasikilize, wapime, waulize. Wataona wenyewe kwamba njia ya mwongo ni fupi, hata akiianza akiwa na kitabu kitakatifu mkononi.