Mdhamini wa taasisi ya picha si mmiliki wa picha

NENO ‘mdhamini’ huwachanganya wengi. Mtaani ni tajiri anayezinunulia timu jezi. Mahakamani ni ndugu anayemwekea mshitakiwa dhamana. Katika taasisi ya hisani, mdhamini ni mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake, aitunze kwa faida ya wengine.

Tofauti hiyo ni nzito kwa taasisi za sanaa ya picha, hasa zinapohusika na mji wenye historia ndefu kama Tabora. Mwaka 2006, Tanzania iliwasilisha UNESCO njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ikiwamo Kwihara iliyo jirani na Tabora, ili ifikiriwe kuwa urithi wa dunia. Historia ya njia hiyo imo pia katika picha, na picha huhitaji mlezi.

Kwa Tanzania Bara, bodi za wadhamini husajiliwa chini ya sheria ya wadhamini, Sura 318, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Bodi ikishasajiliwa, huwa na nafsi yake kisheria: humiliki mali kwa jina lake, huwa na lakiri yake, hushitaki na kushitakiwa. Mdhamini akifariki dunia au akijiuzulu, bodi hubaki, na mabadiliko hayo hupaswa kutaarifiwa RITA.

Maana yake ni kwamba sanduku la negativu lililokabidhiwa kwa taasisi halirithiwi na watoto wa mdhamini. Lakini likiwekwa nyumbani kwake bila kuandikwa katika daftari la mali, ugomvi huanza mara tu matanga yanapoanuliwa.

Wajibu mwingine unahusu hakimiliki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kupewa karatasi ya picha si kupewa hakimiliki yake. Haki hiyo yaweza kuwa bado mikononi mwa mpiga picha au warithi wake. Kwa hiyo, kabla taasisi haijachapisha kalenda au kuuza nakala, wadhamini hawana budi kuona makubaliano ya maandishi: nani anakabidhi, picha ngapi, zitumike vipi, na mapato yaende wapi.

Wajibu wa tatu ni maelezo ya picha. Mwaka 1873, msafara uliobeba mwili wa David Livingstone ulipita Kwihara ukielekea Bagamoyo. Jacob Wainwright, aliyelisindikiza jeneza hadi Uingereza, alipigwa picha kando yake mwaka 1874. Abdullah Susi na James Chuma walifika huko baada ya mazishi, nao wakapigwa picha. Hao wanajulikana kwa majina. Wengine wengi katika picha za misafara wameachwa wakiitwa ‘wapagazi’ tu. Mdhamini makini huhakikisha kwamba picha za familia zinazopokelewa leo zinaandikiwa majina wakati wazee wanaowatambua wangali hai.

Hata hivyo, kutunza si kufungia kabatini. Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963 na kuionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka karibu na Comoro. Baada ya kifo chake, taasisi yenye jina lake ilifundisha vijana utangazaji jijini Nairobi.

Kwa hiyo, anayeombwa udhamini anapaswa kwanza kusoma katiba ya taasisi, hesabu zake na daftari la mali, kisha aulize kama bodi hukutana kweli. Akikuta picha hazijahesabiwa, adai zihesabiwe kabla hajatia saini, kwa kuwa akishakubali, hesabu hiyo itadaiwa kwake.