Leza inayochunga uzi wa kioo

Anayelipia faiba nyumbani, Kinondoni au Nyali, analipia uzi wa kioo wenye unene wa mikroni 125, yaani moja ya nane ya milimita. Viwango vya kimataifa haviruhusu unene huo uzidi wala upungue hata kwa mikroni moja. Na uzi wenyewe hupimwa ukiwa mbioni.

Juu ya mnara wa kiwanda, nondo ya kioo safi huteremshwa taratibu ndani ya tanuri lenye joto la takriban sentigredi 2,000. Ncha hulainika, na gurudumu lililo chini huivuta ikawa uzi, kwa kasi inayoweza kupita mita 20 kwa sekunde, mwendo wa basi la mkoani. Kuushika kwa kifaa cha kubana haiwezekani: kioo kitupu kikiguswa hupata mikwaruzo isiyoonekana, kisha siku moja hukatika hapohapo. Basi hupimwa kwa mwanga, kabla ya kupakwa plastiki.

Mwale wa leza huumulika uzi ubavuni. Mwanga mwingine huakisiwa na uso wa kioo, mwingine hupenya na kutokea upande wa pili. Mianga hiyo miwili ikikutana tena, mahali fulani huongezeana nguvu, mahali pengine hufutana, na mbele ya kihisio hujipanga mistari ya mwanga na giza. Uzi ukinenepa, mistari huzidi kusongamana, ukikonda, huachana. Kwa kuwa kinachohesabiwa ni mistari, uzi ukitikisika kidogo hesabu haiharibiki. Watafiti wa Bell Labs, Marekani, waliishughulikia mbinu hii miaka ya 1970, ingawa Mwingereza Thomas Young alikwisha kupima sufu kwa miduara ya mwanga mwanzoni mwa karne ya 19, bila leza.

Kwangu, utamu uko kwenye kinachofuata. Kipimo hupelekwa papo hapo kwenye gurudumu: uzi mnene, vuta haraka, mwembamba, punguza. Lakini kasoro ikionekana, kipande chake kimeshapita, hivyo kifaa cha kupimia husogezwa karibu na tanuri kadiri joto linavyoruhusu.

Ukali huu wa vipimo una sababu. Mwanga wa mawasiliano hupita katikati, kwenye kiini cha mikroni kama 9, na viunganishi vingi huushika uzi kwa unene wake wa nje. Unene ukihitilafiana, viini hupishana na mwanga huvuja. Usipohitilafiana, fundi wa Mwanza huunga uzi wa kiwanda hiki na wa kile bila kuuliza ulivutwa wapi.