Fahamu: Kwa nini mitungi ya hewa imekatazwa kwa taa manta wa Hanifaru

Kati ya Mei na Novemba, pepo za kusini-magharibi, zile zile ambazo pwani yetu huziita kusi, na mikondo ya bahari hukusanya planktoni katika ghuba ndogo ya Hanifaru, Maldivi. Taa manta hufuata chakula hicho, mara nyingine kwa makumi.

Je, ni hatari kwa binadamu?

Hapana. Manta hana mwiba wa sumu mkiani. Huogelea kinywa wazi na kuchuja viumbe vidogo kwa matamvua.

Kwa nini mitungi imekatazwa?

Ghuba ni finyu, na mapovu ya wazamiaji huwavuruga manta wanapokula. Tangu 2012, wageni huogelea juu tu, kwa miwani na mrija, wakiongozwa na mwongozaji.

Wanaozamia kwingine wafanye nini?

Kwenye miamba ambako samaki wadogo huwasafisha manta kwa kula vimelea, mzamiaji hukaa chini, pembeni, akitulia. Asimfukuze wala kumzibia njia. Asimguse kamwe, kwani ute wa ngozi yake ni kinga.

Kwa nini tahadhari yote hii?

Jike huzaa mtoto mmoja tu, baada ya mimba ya takriban mwaka mzima. Manta pia huvuliwa kwa ajili ya matamvua yanayouzwa kama dawa barani Asia. Wakipungua, hawarudi upesi. Kutazama kwa staha ni wajibu wa kila mgeni.