Lalamishi la mwanafunzi hupotelea wapi? Uzi kwa wanaosikiliza ahadi za majukwaani

Uzi huu ni mrefu, wenye haraka wausome jioni. Kila mjadala wa siasa ukigusa elimu ya juu, swali la mhadhiri anayedai ngono ndiyo atoe maksi halikosi. Na majibu huwa ni yale yale mawili. Mwanasiasa wa kwanza anapiga meza: nipeni kiti, ndani ya siku thelathini hawa watu wote watakuwa nje. Wa pili anajibu kwa upole: vyuo vina uhuru wake, tuwaachie wenyewe, na kama kuna kosa basi polisi wako. Makofi yote yanamwendea wa kwanza.

Sina chama kwenye uzi huu na sitataja jina la mtu. Ninachosema ni kwamba wote wawili wameruka ile sehemu inayoamua kama binti aliyelalamika atasikizwa ama ataondoka chuoni bila cheti. Hiyo sehemu ni njia ambayo lalamishi lenyewe linapitia, kutoka siku linapoandikwa hadi siku mtu anapopewa uamuzi mkononi.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikaa kwenye kamati ya nidhamu ya chuo kimoja kama mwakilishi wa wanafunzi. Chuo sikitaji. Baadhi ya haya niliyaona nikiwa nimekaa pale mwisho wa meza, nikiwa mdogo kuliko wote chumbani.

Tuanze na sheria, kwa sababu kuna watu husema ati Kenya haina sheria ya mambo haya. Iko, tena si moja. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 23, inamgusa mtu yeyote mwenye mamlaka au aliye kwenye ofisi ya umma ambaye anazidi kumtaka mtu kimapenzi huku akijua hatakiwi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono.

Sasa soma tena polepole. Kile kifungu cha 23 kinazungumzia mtu *anayerudiarudia*. Mhadhiri mjanja huomba mara moja tu, kisha ananyamaza na kukalia karatasi zako za mtihani. Na kifungu cha 6 kimeandikwa kumlinda mfanyakazi, ilhali mwanafunzi hajaajiriwa na chuo. Kwa hivyo kwa kiasi kikubwa ulinzi wa mwanafunzi unategemea sera na kanuni ambazo chuo chake kimejiandikia. Majirani wetu Tanzania waliliweka jambo hili kwenye sheria ya kupambana na rushwa ya 2007, kifungu cha 25: mwenye mamlaka akidai ngono ndiyo akupe haki au upendeleo fulani, hiyo inahesabika ni rushwa. Sisemi wamemaliza tatizo, hawajamaliza. Lakini waliona kwamba kiini chake ni biashara ya madaraka, na ombi moja linatosha.

Turudi kwenye njia ya lalamishi. Swali la kwanza: linapokelewa na nani?

Kwenye vyuo vingi mwanafunzi akiwa na shida ya masomo huambiwa aanze na idara. Huo ni utaratibu mzuri kama shida yako ni ratiba ya vipindi. Kama shida yako ni mhadhiri wa idara hiyo, mwenyekiti wa idara ni mwenzake. Wanakunywa chai pamoja, wamesimamia tasnifu pamoja, pengine mwaka ujao huyo mhadhiri ndiye atakuwa mwenyekiti. Si lazima awe mtu mbaya. Atasema tu, "Wacha niongee naye." Na akishaongea naye, yule mhadhiri anajua jina lako, na hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba ulilalamika.

Hapa ndipo maksi zilizopotea zinaingia. Kila mtu aliyepita chuo cha umma Kenya anazijua: umefanya mtihani, umesaini ile orodha ya mahudhurio, matokeo yakitoka somo lako lina pengo. Mara nyingi ni uzembe tu, mafaili mengi na watu wachache. Lakini uzembe huo ni kichaka kizuri cha kujificha. Mtu akitaka kukuadhibu kwa kukataa, hahitaji kukupa sufuri. Anaacha pengo, na pengo linafanana na mapengo ya wengine mia. Utathibitisha vipi kwamba lako ni la makusudi? Ndiyo maana mtu akiniambia atapambana na unyanyasaji vyuoni bila kugusa mfumo wa maksi, namsikiliza kwa nusu sikio.

Tuseme lalamishi limefika juu, kwa mkuu wa wanafunzi ama kwa msajili. Sasa kuna kazi tatu ambazo watu huzichanganya: kuchunguza, kushtaki na kuamua. Anayechunguza anatafuta ukweli, ikiwemo ule unaomsaidia mshukiwa. Anayeshtaki anapeleka kesi mbele ya kamati. Kamati inasikiza pande zote ndiyo iamue. Nimeona mtu mmoja akizifanya zote tatu: amehoji mashahidi Jumanne, ameandika ripoti Jumatano, na Alhamisi ameketi kwenye kiti cha mwenyekiti anauliza maswali ambayo majibu yake tayari ameyaandika. Hata kama mshukiwa ana hatia kama jua la saa sita, uamuzi kama huo una ufa, na wakili mzuri hana kazi kubwa ya kuupanua.

Na hapa ndipo ile ahadi ya siku thelathini inapoanguka. Mhadhiri ni mfanyakazi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinasema kabla ya kumfuta kwa utovu wa nidhamu lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na awe na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale ndani. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu zake. Ukiruka hatua hizo, mtu anaenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, na mahakama inaweza kuamuru alipwe fidia, hata arudishwe kazini. Hebu fikiria yule binti akimwona amerudi, na barua ya mahakama mkononi, na mshahara wa miezi aliyokuwa nje. Kufukuza kwa kelele kumempa kinga ambayo hakuwa nayo.

Najua kuna mtu hapo anasema, "Kwa hivyo unatetea wahadhiri." Ngoja. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayomlinda mwanafunzi. Kumbuka jinsi mambo huenda baada ya mgomo: chuo kinafungwa, kisha orodha ya waliosimamishwa inabandikwa ukutani, na wengine hawajui hata walishtakiwa kwa nini. Wanafunzi wa aina hiyo walienda kortini zamani. Kuna kesi ya Nyongesa na wenzake dhidi ya Chuo cha Egerton, ya 1990, ambayo mawakili huitaja mpaka leo. Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba korti hazipendi kuingilia maamuzi ya ndani ya chuo, lakini zitaingilia pale inapoonekana wazi mtu ameadhibiwa bila kusikizwa kwa haki. Hiyo ni miaka 20 kabla ya Katiba ya 2010, ambayo kwenye kifungu cha 47 imempa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na taasisi, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomuumiza. Huwezi kuitaka kanuni hii Jumatatu kwa mwanafunzi aliyegoma na kuikataa Jumanne kwa mhadhiri aliyeshukiwa.

Bunge likafafanua kifungu hicho kwa Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Taarifa mapema na ya kutosha. Nafasi ya kujieleza. Kuonyeshwa ushahidi utakaotumika. Kuambiwa kama kuna rufaa. Neno "mapema" si pambo. Kwenye kamati yetu niliwahi kuona mwanafunzi amepewa barua Ijumaa saa kumi, kikao Jumatatu saa mbili asubuhi, na nyumbani kwao ni Lodwar. Mzazi angefikaje?

Nani anamlinda mlalamishi wakati mshukiwa anaonyeshwa ushahidi? Swali la haki kabisa, na lina majibu. Si lazima wawili hao wakae ana kwa ana. Maswali yanaweza kupitia kwa mwenyekiti wa kamati. Karatasi za mwanafunzi zinaweza kusahihishwa na mtu mwingine siku hiyo hiyo lalamishi linapopokelewa, na mtahini wa nje akazipitia. Msimamizi wa tasnifu anaweza kubadilishwa bila mwanafunzi kuambiwa "anza utafiti upya". Mshukiwa anaweza kuwekwa kando akisubiri uchunguzi, na hiyo siyo hukumu. Hatua hizi hazihitaji sheria mpya. Zinahitaji mtu mwenye saini na nia.

Sasa lile jibu la pili, "polisi wako". Ndiyo wako, na kosa la jinai lipelekwe kwa polisi. Lakini kesi ya jinai inataka ushahidi usioacha shaka ya msingi, na inaweza kuchukua miaka. Uchunguzi wa kazini una kipimo chake, cha chini zaidi: mwajiri awe na sababu halali na za kweli, na afuate utaratibu. Njia hizi mbili hutembea sambamba. Mtu akiachiliwa huru kortini haimaanishi chuo hakiwezi kumwadhibu kwa kuvunja kanuni za kazi. Kwa hivyo msimamizi anayesema "tunangoja korti", mara nyingi amechagua mwenyewe kungoja.

Na kungoja kuna mwenye kuumia. Mhadhiri ana kazi ya kudumu mpaka uzeeni. Mwanafunzi ana miaka minne. Chuo hakihitaji kukataa lalamishi, kinaahirisha tu: mwenyekiti yuko safarini, idadi ya wanakamati haijatimia, semesta imeisha. Ukifika mwaka wa nne shahidi wako mmoja ameshahitimu, mwingine yuko Qatar, na wewe mwenyewe unaogopa jina lako litakosekana kwenye kijitabu cha mahafali. Wengi huondoa malalamishi wakati huo. Kisha mtu anasimama jukwaani anasema kesi ziliondolewa kwa hiari.

Sasa, mgombea ana uwezo gani hapa? Waziri hawezi kumfuta mhadhiri. Hiyo ni kazi ya chuo. Lakini mwenyekiti wa baraza la chuo cha umma huteuliwa na Waziri, na mbunge ndiye anayepitisha sheria na bajeti. Kwa hivyo akija kwenu na zile siku thelathini zake, muulizeni mambo ya kawaida kabisa. Je, atataka kila baraza lichapishe kila mwaka idadi ya malalamishi yaliyopokelewa, yaliyoamuliwa na yaliyolala, bila majina? Lalamishi dhidi ya mhadhiri litapokelewa na ofisi iliyo nje ya idara yake? Litakuwa na siku ngapi, na zikipita bila uamuzi linaenda kwa nani? Na mhadhiri akijiuzulu katikati ya uchunguzi, chuo kinachomwajiri mwezi unaofuata kitaambiwa?

Hilo la mwisho niliwahi kumuuliza mgombea mmoja kwenye baraza la mtaani. Alicheka, akasema ni swali zuri, akapitisha maikrofoni kwa mwingine.

Kwa mwanafunzi anayesoma hii akiwa na jambo lake: andika, weka tarehe, toa nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujatoka ofisini. Wakikataa kugonga, tuma kwa barua pepe dakika hiyo hiyo ukiwa bado mlangoni, na utaje jina la ofisi na saa uliyofika. Chuo kikikaa kimya, Tume ya Haki ya Utawala, ile tunaiita Ombudsman, hupokea malalamishi dhidi ya taasisi za umma, na huhitaji wakili kuandika kwao. Ambatisha ile nakala yenye muhuri.