KIFARANSA KWA WATOTO WADOGO: TUANZE NA MCHEZO

Kikundi chenye darasa la chekechea siku hizi hakikosi mzazi wa kuuliza: mbona watoto wa shule kubwa wanafundishwa Kifaransa na wetu hawafundishwi? Swali hilo si la majivuno tu. Mtaala mpya wa Kenya ulioanza mwaka 2019 uliweka Kifaransa kati ya lugha za kigeni ambazo mtoto aweza kuchagua kuanzia gredi ya nne. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Lakini mwalimu aliyesomea Kifaransa ni ghali, na kikundi cha akina mama kikisikia mshahara wake kinanyamaza.

Kabla ya kunyamaza, tazameni Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi iliyo pande mbili za Barabara ya Ngong. Kawangware wanaishi watu wengi waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, na wengi wao ni wakimbizi. Utawakuta wakiuza vitenge, wakishona nguo, wakisuka nywele, na Jumapili wakiimba kwaya. Mkongomani wa Goma au Bukavu anaongea Kiswahili kama sisi, ila akifika kwenye hesabu utasikia amehamia Kifaransa: bei, tarehe, miaka, vyote. Basi mwalimu tunayemtafuta mbali ni jirani, tena aweza kumweleza mtoto kwa Kiswahili. Kibera nako mtoto anakua akisikia Kinubi, Kijaluo, Kiluhya na Kikamba kabla hajagusa kitabu cha Kiingereza. (Hata jina Kibera limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu.) Masikio ya mtoto wa namna hiyo yamekwisha kufanya mazoezi.

Sasa afundishwe vipi? Asikie kwanza, kisha atende, kisha aseme. Kuandika kungoje. Kifaransa kinaandikwa vingine na kutamkwa vingine: "trois", yaani tatu, hutamkwa karibu na "trua". Mtoto wa miaka mitano bado anashindana na ba be bi bo bu. Ukimwandikia neno hilo ubaoni utamvurugia Kiswahili na Kifaransa pamoja.

Chukueni brikicho, ambayo watoto wa Nairobi wanaicheza bila kufundishwa na mtu. Anayefumba macho ahesabu "un, deux, trois" mpaka "dix", yaani kumi. Hatachoka kurudia, maana anataka kwenda kuwatafuta wenzake. Watoto wa Ufaransa nao wana mchezo wa ukutani. Mmoja anageukia ukuta na kusema "un, deux, trois, soleil" (soleil ni jua), halafu anageuka ghafla. Wenzake wanaomnyemelea lazima wagande, na atakayeonekana akitikisika anarudi mwanzo. Hautaki kifaa chochote, ukuta tu.

Halafu kuna kalongolongo. Watoto wafungue duka la udongo na visoda, wauze "la banane", "la tomate", "le pain", yaani mkate. Mnunuzi aseme "bonjour" akifika na "merci" akipewa. Hapo watakutana na "le" na "la", ambazo huwasumbua watu wazima wengi kwa kuwa kila jina la Kifaransa ni la kiume au la kike. Mtoto wa Kiswahili hana shida hiyo. Anayesema mti huu, kiti hiki na nyumba hii bila kufikiri, ngeli mbili zitamshinda nini? Afundishwe tu jina pamoja na "le" au "la" yake kama neno moja. Sauti ngumu pia zichezewe. Ile "u" ya Kifaransa, mwambie akaze midomo kama anayepiga mluzi, halafu aseme "i". Watacheka sana, na wataiweza kabla ya mwalimu wao.

Kuhusu utamaduni, picha ya mnara wa Paris si mbaya, lakini wajue pia kwamba Kinshasa ina watu wengi kuliko Paris. Mama Mkongomani aje siku moja apike sombe, watoto waone ni majani ya muhogo, kisamvu chetu kile kile. Awaonyeshe kwamba mwenzako unamwambia "tu" lakini mtu mzima unamwambia "vous", kwa heshima.

Tena kuna jambo linalotugusa kuliko lugha yenyewe. Mtoto wa mkimbizi huchekwa kwa Kiswahili chake cha Kongo na kuitwa mgeni. Siku ya Kifaransa, mtoto huyo ndiye wenzake wanamgeukia kuuliza nane inaitwaje.

Wazazi nao waambiwe ukweli. Nusu saa mara mbili kwa wiki haitamfanya mtoto aongee Kifaransa. Itamfungua masikio na kumwondolea woga. Anayewaahidi zaidi ya hapo kwa muhula mmoja anatafuta ada yenu. Na nusu saa hizo zisikatwe kutoka kwenye kusoma Kiswahili na Kiingereza, maana huko ndiko mtoto wa mtaani anakoachwa nyuma.

Yule mama anayefundisha msimtumie bure ati kwa kuwa ni mkimbizi. Kubalianeni malipo, hata yakiwa kidogo, yaandikwe katika kitabu cha kikundi. Asiachwe peke yake na watoto, kama vile mtu mwingine yeyote hapaswi kuachwa. Mwalimu wa darasa awepo kila mara, acheze nao na kujifunza nao. Wakimbizi huhama, wengine huitwa kwenda nchi za mbali, na darasa lisife siku atakapoondoka. Kijijini ambako hakuna Mkongomani, ulizeni parokiani. Huenda yupo mtawa au padri aliyesomea Kongo au Burundi.