Vumbi chini ya turubai: rangi ya gari inavyoliwa kimyakimya

Gari lililotoka Kisaki kupitia Matombo huingia Morogoro mjini likiwa limevaa rangi moja tu, ile ya vumbi jekundu. Hiyo ni moja ya njia za kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019, na baadhi ya watalii huipita na magari yao ya kulala. Jioni, dereva akishaegesha, hufunika. Wenye magari ya kulala hufunga mapazia mazito nje ya vioo, yazuie jua la mjini mchana na baridi ya milimani usiku. Wenye magari ya kawaida hutandika kava au turubai, hasa wakiegesha chini ya mwembe unaodondosha utomvu na kinyesi cha ndege.

Nia ni njema. Tatizo ni lile vumbi lililobaki kati ya kitambaa na bati.

Sehemu inayong'aa kwenye gari ni tabaka la juu kabisa, lisilo na rangi, ambalo kwa kawaida unene wake ni kama mikromita 40 hadi 50, mwembamba kuliko unywele. Vumbi la barabara zetu lina chembe za kwatsi zilizomomonyoka kutoka miamba ya milima, na kwatsi ni ngumu kiasi cha kuchora kioo. Upepo ukishuka kutoka milima ya Uluguru, kava lililolegea hupigapiga usiku kucha, na kila pigo husugua kama msasa. Asubuhi huoni kitu. Baada ya miezi, ukisimama juani, unaona mikwaruzo myembamba kwenye boneti, kwenye nguzo za kioo cha mbele na pembezoni mwa milango, mahali ambapo pindo na mikanda hugusa.

Upande wa mashariki wa Uluguru, kuelekea Kinole na Matombo, kuna balaa la pili: unyevu. Huko baadhi ya maeneo hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Turubai la plastiki halipumui. Maji yakinaswa chini yake, kisha jua likawaka, rangi hukaa kwenye mvuke. Mahali palipozibwa puti na kupigwa rangi upya bila maandalizi mazuri huota malengelenge, na palipochubuka huanza kutu.

Dawa yake si ghali. Kabla ya kufunika, suuza gari kwa maji mengi kuanzia juu kwenda chini, kisha liache likauke. Usifute vumbi kavu kwa kitambaa wala fagio, maana hapo unafanya kwa mkono kazi ile ile ya upepo. Sabuni ya unga ya kufulia iache nyumbani. Huondoa nta inayolinda rangi. Tumia shampuu ya gari.

Kava nalo lifuliwe. Chagua lenye kitambaa laini upande wa ndani, uweke alama ili usije ukaligeuza. Unapolikunja, upande wa ndani ukutane na wa ndani, wa nje na wa nje. Unapolitoa, linyanyue, usiliburute. Lifunge likaze, mikanda ilale bapa, na kila bizimu au kulabu iviringishiwe kitambaa. Kwa mapazia ya vioo ya magari ya kulala, paka nta pale pindo linapogusa bati, au bandika karatasi angavu ya kulinda rangi. Kama unachokimbia ni jua tu, weka kizuia jua ndani ya kioo. Hakizuii joto sawasawa na cha nje, lakini hakigusi rangi kabisa.

Gari kwa familia nyingi ni akiba ya miaka, na mnunuzi huanza kulikagua kwa macho. Rangi iliyofifia humpa sababu ya kushusha bei kabla hata hajafungua boneti. Kurudishia rangi ya gari zima ni gharama kubwa, ilhali ndoo mbili za maji zinaweza kuikinga.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, shika hili: gari likiwa na vumbi na huna maji ya kulisuuza, usilifunike. Liache wazi usiku huo. Umande hautalichuna, vumbi chini ya turubai litalichuna.