Unga wa lishe huanzia kwenye beseni

Kwenye maduka ya Mbagala na Tandale, unga wa lishe husifiwa kwa wingi wa vilivyomo: mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, soya, karanga, mara nyingine na ngano. Orodha ikirefuka, mama huona amepata unga bora. Mimi namsihi aulize jambo jingine: nafaka hizo zilifanywa nini kabla ya kupelekwa mashine?

Kwanza tuiweke ngano kando. Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, unaokadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya 100 duniani, gluteni huuchochea mwili ushambulie utumbo wake wenyewe. Mgonjwa huyo asile unga uliochanganywa na ngano hata kidogo, wala uliosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Mahindi, mtama, ulezi na uwele havina gluteni.

Nafaka isiyokobolewa ina madini ya chuma na zinki. Humo humo mna asidi ya fitiki, inayoyang'ang'ania madini hayo hadi yapite tumboni bila kufyonzwa. Kuloweka na kuotesha huipunguza. Ulezi huchambuliwa, huoshwa, hulowekwa usiku kucha, kisha huchujwa na kufunikwa kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu. Vijizizi vyeupe vikichomoza, ujue vimeng'enya vimeamka: kimoja huvunja fitiki, kingine, amilesi, hukatakata wanga. Huanikwa, husuguliwa mizizi itoke, ndipo husagwa. Unga huo ndio kimea. Ukitumia mtama, ondoa mizizi na machipukizi yote, kwa kuwa yana viambata vinavyotoa sianidi.

Mwaka 1983 watafiti A.C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha kazi yao juu ya kimea na uji wa watoto, na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ikakihimiza. Walilenga tatizo ambalo kila mlezi analijua. Uji mzito mtoto haumezi. Ukiongezwa maji, tumbo dogo linajaa maji. Kijiko cha kimea kikikorogwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo, uji hulegea kwa dakika chache bila kuongezwa maji, na mtoto akala unga mwingi zaidi kwa kikombe kile kile. Usikitie uji ukichemka, joto hilo huiharibu amilesi. Ukishalegea, uchemshe tena, kwani kimea ni kibichi na huenda kina vijidudu.

Togwa, uji mwembamba wa kunywa, nayo hufuata njia hiyo, ila huachwa ichachuke, na asidi yake huzuia bakteria wengi wa kuharisha. Utafiti wa Kingamkono na wenzake, uliochapishwa 1999, ulikuta vijidudu hivyo vimepungua kwa watoto waliolishwa uji wa namna hiyo.

Kwa jiji lenye joto na unyevu kama Dar es Salaam, hatari kubwa ni kukausha. Wakati wa masika nafaka iliyooteshwa huota kuvu upesi, na kuvu wengine hutoa sumukuvu. Sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na kukaanga au kupika hakuimalizi. Kwa hiyo otesha kidogo kidogo, siku za jua, na anika kwa tabaka jembamba juu ya turubai safi. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya uvundo, tupa yote. Hata kuku usiwape.